Paskazia Aliyekaa Kizingitini

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana hamjambo. Igoma, Nyegezi, Misungwi, na ninyi mnaotusikiliza huko visiwani, karibuni. Kwa kawaida kipindi hiki tunakifungua na wimbo. Leo familia ya marehemu imeomba tuanze bila wimbo. Basi tumeanza.

Tunamkumbuka Paskazia Maige. Mtaani kwake Igoma walimwita Mama Gladness. Alikuwa mkulima, baadaye akawa muuza mchele na maharage sokoni. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo. Amefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka sitini na minne. Tumemzika Jumamosi.

Mimi ni Leokadia Chenge. Leo sitawasomea wasifu wake wote. Nitawaeleza zaidi habari ya alasiri moja, na mambo yaliyofuata baada ya alasiri hiyo. Kwa sababu mtu anaweza kusali maisha yake yote, halafu siku moja, yuko nyumbani na kanga yake ya jikoni, akatakiwa kuonesha alikuwa anasali nini.

Wakati wa alasiri hiyo Paskazia alikuwa hajahamia Igoma. Aliishi na mumewe, Pius, katika kijiji cha kando ya ziwa, wilaya ya Misungwi. Kijiji sitakitaja. Familia imeniomba nisikitaje, maana watu wake bado wapo na wanaishi pamoja. Pius alikuwa mvuvi. Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Venant, ambaye wakati huo alikuwa tayari fundi magari huku Igoma. Mdogo alikuwa Gladness. Gladness alikuwa anasoma chuo Nyegezi, binti wa kwanza katika ukoo ule kufika chuo.

Gladness alirudi nyumbani likizo. Akashikwa na homa na kichwa. Shingo ikakaza, hawezi kuigeuza. Wakamkimbiza hospitali. Alifariki akiwa amelala kwenye mapaja ya mama yake. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Naomba hili mlishike, wasikilizaji wangu: ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alilisema, na Paskazia alilisikia.

Lakini kulisikia neno ni jambo moja. Kulikubali ukiwa umembeba mwanao akiwa amekufa ni jambo lingine.

Katika kijiji kile alikuwepo mama mzee aliyeitwa Kija. Alikuwa mjane, watoto wake wote walikuwa wamemtangulia. Aliishi peke yake katika kijumba cha nyasi, karibu na kwa Paskazia. Kazi yake ilikuwa kubanika samaki. Kwa miaka mingi aliinamia moshi asubuhi na jioni, na macho yake yakawa mekundu. Wasikilizaji wapendwa, sisi watu wa huku tunajua macho mekundu yamewaponza akina mama wangapi. Sina haja ya kulifafanua.

Siku mbili kabla hajaugua, Gladness alipita kwa Kija kumsalimia. Kija akampa michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, akala. Watu walimwona akila. Msiba ulipotokea, hiyo michembe ikaanza kutembea midomoni mwa watu. Shimba, mdogo wake Pius, akaenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hakutaja jina. Alisema tu: aliyemla binti yenu alimlisha kwanza.

Haikuhitajika jina.

Na Paskazia je? Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkweli katika hili. Paskazia aliamini. Mwanawe Venant ameniambia hivi: "Mama hakuwa malaika. Ile habari ya ramli ilipomfikia, hakuikataa. Alikaa nayo moyoni. Kwenye sala za msiba tulikuwa tukifika kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehe, mama alikuwa ananyamaza. Anatuacha tunamalizia wenyewe, halafu anaingia kwenye amina."

Tanga likaanuliwa. Wageni wakaondoka. Venant akarudi kazini Igoma. Pius akarudi ziwani, kwa sababu mvuvi akikaa sana nyumbani nyumba inalala njaa. Na Shimba na vijana wenzake wakaona sasa nafasi imepatikana.

Ilikuwa alasiri, jua kali. Paskazia alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Akasikia mwano, ile kelele ya hatari ambayo Msukuma akiisikia anaacha jembe shambani. Akasimama. Kabla hajajua inatoka wapi, Kija akatokea kwenye uzio wa minyaa, pekupeku, kitambaa cha kichwani kimeanguka. Alikuwa hawezi kuongea kwa kuhema. Alisema neno moja tu: "Nifiche."

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Huyu ni mama aliyemzika binti yake juzi juzi. Na mbele yake amesimama mtu ambaye yeye mwenyewe anaamini ndiye aliyemuua binti huyo. Sauti za watu zinakaribia. Paskazia aliwahi kumweleza Venant kilichompitia moyoni wakati ule. Alisema jambo la kwanza lililomjia ni kumshika yule bibi mkono, amshike vizuri, asikimbie, mpaka wenyewe wafike.

Akamshika kweli mkono. Halafu akamwingiza ndani, akafunga mlango kwa nje, akabaki amesimama kizingitini.

Watu wakaingia uani. Walikuwa wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma. Walikuwa na fimbo na mapanga, na mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa. Mbele kabisa alikuwa Shimba. Shimba amekubali kuzungumza nasi. Alisema jina lake litajwe. Msikilizeni:

"Nilimuuliza, shemeji, yule mchawi amepita hapa? Mimi nilijua atasema hapana. Na angesema hapana, tungemsukuma tuingie tutafute. Akaniambia, yumo. Yuko ndani. Mtu akikuambia ukweli wakati ulijiandaa kwa uongo, unababaika."

Akamwambia yumo. Hakudanganya. Na hakutoka mlangoni.

Shimba akamwambia shemeji yake asogee. Akamkumbusha kwamba wanafanya hivi kwa ajili ya Gladness. Paskazia akamjibu, na maneno haya wengi waliokuwepo bado wanayakumbuka: "Gladness ametoka tumboni mwangu. Aliyefiwa ni mimi. Kama kuna wa kulipiza ni mimi, na mimi sijamtuma mtu."

Kelele zikapanda. Wengine wakasema msiba umemchanganya akili, aondolewe kwa nguvu. Jiwe likatoka nyuma ya watu. Mpaka leo hakuna aliyejua lilirushwa na nani. Likampata juu ya jicho la kushoto. Damu ikashuka usoni mpaka kwenye kanga.

Paskazia akakaa chini. Hakuanguka, alikaa. Alikaa juu ya kizingiti, mgongo umeegemea mlango, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu anayekaa msibani. Sasa kumwondoa ilibidi wambebe. Na nani angeanza kumbeba mama mwenye msiba wake, damu zinamtoka?

Nyuma ya mlango alikuwa Kija. Hakukohoa hata mara moja.

Halafu Paskazia akaanza kusali. Kwa sauti. Akaanza Baba Yetu. Katika umati ule walikuwepo wanajumuiya wenzake. Walikuwepo wanawake waliosali naye kila juma, wanaume walioshika nguzo za hema siku ya msiba. Aliwaona. Akawa anawatazama mmoja mmoja huku anasali. Mwanamke mmoja, pasipo kujua, akaanza kumfuatisha midomoni.

Alipofika pale pa kusamehe, akanyamaza.

Shimba anasema hata mwenye dumu aliliweka chini. Walimngoja amalizie. Paskazia akasema: "Hapa siwezi kupita. Nisiwadanganye. Huyu mama moyo wangu unamchukia. Lakini sitamtoa. Mungu akitaka nimpende, atanifundisha. Kumtoa sitamtoa."

Wasikilizaji wangu, mimi nimesikia mahubiri mengi. Sijawahi kusikia mtu akikiri kushindwa namna ile na papo hapo akishinda.

Watu hawakuondoka mara moja. Walikaa pale muda mrefu, wanabishana. Kulikuwa na waliosema nyumba ichomwe, yeye akitaka aungue nayo. Shimba mwenyewe anakiri kwamba alilifikiria. Lakini wanawake wa nyuma walianza kuondoka, mmoja, mwingine, wakishika njia bila kuagana. Umati ukapungua. Mtendaji wa kijiji alipofika na mgambo, walibaki vijana wachache na Shimba. Nao wakatawanyika. Walipokuwa wanarudi, walipita kwa Kija wakakitia moto kile kijumba chake cha nyasi. Yeye mwenyewe aliuona moshi kupitia dirisha la Paskazia.

Nanyi mtadhani hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hapana. Ugumu ulianza kesho yake.

Kija hakuwa na pa kwenda. Akabaki. Mama mkwe wa Paskazia, Bibi Minza, alikuja asubuhi. Paskazia alipiga goti akamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma: "Shikamoo mayu." Bibi Minza hakuitika. Alisimama uani akasema damu ya mjukuu wake inalia, na mkwe wake anamlisha aliyeimwaga. Akageuka akaondoka.

Jioni ya siku nyingine Pius akarudi kutoka ziwani. Alikuwa ameshasikia yote mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Pius alikuwa mtu mpole, kila mtu anasema hivyo. Na hata siku ile hakupiga kelele. Alimwambia mkewe kwamba yeye amempoteza mtoto na hawezi kulala akitenganishwa na yule mama kwa ukuta tu. Akamwambia achague. Kama Kija atakuwepo, yeye Pius hatakuwepo.

Paskazia alimsihi. Alimkumbusha maneno ya daktari. Pius akamuuliza swali moja: "Wewe mwenyewe unayaamini?" Paskazia hakuweza kujibu ndiyo. Pius akachukua nyavu zake akaenda kuishi kwa mdogo wake.

Katekista naye alikuja. Alimsifu kwa ushujaa wake, halafu akamshauri kwa upole kwamba sasa imetosha, ampeleke yule bibi mahali pengine, jumuiya isije ikagawanyika. Paskazia alimjibu kwa heshima lakini kwa uchungu. Alimuuliza kama kuna mahali pengine anapafahamu ambapo Kija anaweza kufika akiwa hai. Katekista akaaga. Jumuiya ikaacha kwenda kusali nyumbani kwake. Wakimkuta njiani wanampisha. Kisimani wanamwachia nafasi kubwa kuliko inavyohitajika.

Venant aliposikia haya alikuja kumchukua mama yake. Alitaka amchukue peke yake. Mama akagoma. Wakaondoka watatu, Paskazia, Venant na Kija, asubuhi mapema, na mizigo ambayo mtu anaweza kuibeba kichwani.

Hivyo ndivyo alivyofika Igoma.

Venant alikuwa amepanga vyumba viwili kwa Bi Ishrat, mama wa Kihindi, Mwislamu, ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu zake. Bi Ishrat bado yupo, na nimekaa naye sebuleni kwake. Anasema haikuchukua muda maneno yakafika hata Igoma. Wapangaji wengine walimfuata, wakamwambia amepangisha mchawi, amtoe. Yeye akaenda kumwona Paskazia. Alimkuta amekaa upande mmoja wa ua na Kija upande mwingine, hawaongei.

"Nilimuuliza, huyu bibi ni nani kwako?" Bi Ishrat ameniambia. "Akasema, si mtu wangu. Nikamuuliza, sasa kwa nini unakaa naye? Akasema, kwa sababu akitoka kwangu atauawa. Nikarudi nikawaambia wale wapangaji, asiyetaka kukaa na hawa wanawake, mlango uko wazi. Mimi niliona huyu mama anamwogopa Mungu kweli kweli. Hana hata raha nako."

Hana hata raha nako. Ndivyo ilivyokuwa. Maana, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo ambalo majirani hawakuliona. Paskazia alimwokoa Kija, akampa kitanda, akampa nguo zake. Lakini hakuweza kula chakula cha Kija. Kija alikuwa anapika, kwa sababu mwenzake alikuwa sokoni toka asubuhi. Paskazia akirudi anakuta ugali na mboga vimefunikwa. Anasema ameshakula sokoni. Siku nyingine anachukua sahani, anaingia nayo chumbani, halafu anaiacha bila kuigusa. Venant alikula yeye. Mama yake alikuwa anamtazama akila, tonge kwa tonge.

Hivyo wakaishi miezi. Mtu anayesali asubuhi na jioni, na katikati anaogopa sahani ya ugali.

Siku moja mchana, Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Kija aliweka sahani mezani na yeye hakuondoka. Kwa kawaida aliondoka. Venant alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Kija akasema kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma kwamba ameona. Ameona tangu siku ya kwanza kwamba chakula chake hakiliwi. Paskazia akainamisha kichwa. Akasema ukweli, kama kawaida yake: "Nakuogopa."

Kija akasema: "Na mimi nakuogopa wewe."

Paskazia akainua macho. Hakulitegemea hilo. Kija akaendelea taratibu. Akasema kila asubuhi akiamka anasikiliza kwanza kama kuna watu uani. Anajua iko siku Mama Gladness atachoka, na akichoka itatosha afungue mlango tu. Akasema siku ile hakuja kwake kwa sababu alimwamini. Mlango wake ndio uliokuwa karibu na una komeo, basi. Na akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba Gladness alipopita kwake alimkuta hana kuni, akamwokotea mzigo mzima, na yeye akaona amrudishie kwa hiyo michembe. Ndiyo aliyokuwa nayo. Hakuwa amebakiza nyingine.

Paskazia hakujua habari ya kuni. Hakuna aliyemweleza. Watu wote walimweleza habari ya michembe tu.

Alilia. Venant anasema alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Kija hakumgusa. Alikaa palepale. Baadaye Paskazia akanawa mikono. Akamega tonge. Akalishika muda mrefu. Akasema "Ee Yesu," akala. Kija akanawa naye akala kutoka sahani ile ile. Hawakuzungumza tena mpaka sahani ikaisha.

Niliuliza kama siku ile ndipo alipomaliza hofu. Venant alicheka kidogo. Alisema hapana. Aliogopa na siku iliyofuata, na iliyofuata. Lakini kila siku alikula. Na Baba Yetu, siku hizo ndipo alipoanza kuimalizia.

Miaka ikapita. Paskazia akajulikana Igoma. Jumuiya ya mtaani ilimpokea, baadaye wakamchagua mwenyekiti. Pius hakurudi, wala hakuoa. Alikuwa anatuma salamu kwa Venant, na samaki wakati mwingine. Na kule kijijini ramli hazikuisha. Wasikilizaji wapendwa, moto ukishazoea kula kijiji hauchagui nyumba.

Ikawa asubuhi moja, Paskazia anajiandaa kwenda sokoni, geti likagongwa. Akafungua. Alikuwa Shimba. Shimba yule yule. Amekonda, nguo zimejaa vumbi la safari. Nyuma yake, amejifunika kanga mpaka puani, alikuwa mama yake. Bibi Minza.

Alikuwa amefariki mtoto wa jirani yao kule kijijini. Mpiga ramli mwingine, maneno mengine, lakini kidole kilikuwa kimeelekezwa kwa Bibi Minza. Naye alikuwa amezeeka, na macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Shimba alikuwa amezunguka kwa ndugu wote. Wote walimwonea huruma, na wote walikuwa na sababu.

Shimba aliniambia hivi: "Sikuwa na uso wa kwenda pale. Nilienda kwa sababu ndiyo nyumba pekee niliyojua kwa hakika kwamba mtu akiingia hatolewi."

Paskazia hakuwakaribisha. Nitawaambia kama ilivyokuwa. Hakuwakaribisha. Alisimama getini, na kovu lile juu ya jicho, akawatazama. Venant alitoka ndani, alipomwona baba yake mdogo akamwambia mama yake afunge geti. Akasema kwa hasira kwamba hawa ndio waliomharibia nyumba yake na ndoa yake, sasa wanataka nini. Watu wa jirani wakaanza kuchungulia. Bibi Minza alikuwa anatazama chini, anangoja kama mtu anayengoja hukumu.

Mwisho Paskazia akasema: "Shikamoo mayu."

Bibi Minza akaitika kwa sauti ndogo: "Marahaba."

Halafu Paskazia akamgeukia Shimba. Akamwambia kwamba nyumba ile si yake peke yake. Kuna mwenye nyumba mwenzake humo ndani. Kama Shimba anataka mama yake akae, aingie akamuulize yeye.

Shimba alijua ni nani. Anasema siku ile ya mapanga hakuogopa, lakini kuvuka ule ua asubuhi ile aliogopa. Alimkuta Kija amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachambua dagaa. Alikuwa mzee sana sasa, macho yameingia ukungu. Shimba alipiga magoti yote mawili, mwanaume mzima. Akajitaja jina. Akaeleza shida ya mama yake. Aliomba msamaha, lakini anasema maneno yalikuwa yanakatika, hajui kama yalieleweka.

Mikono ya Kija ilisimama juu ya dagaa. Paskazia alikuwa amesimama pembeni, na aliapa moyoni, alisema baadaye, kwamba Kija akikataa hatamlazimisha. Hata kidogo. Ilikuwa haki yake.

Kija akamuuliza Shimba swali moja: "Mama yako amekula?"

Shimba akasema hapana, tangu jana.

Kija akavuta ungo wa dagaa akauweka kando. Akasogea kwenye mkeka mpaka ukingoni. Akapiga nafasi aliyoiacha kwa kiganja. Akasema: "Mlete."

Wasikilizaji wapendwa, wale wanawake watatu waliishi nyumba moja. Sisemi waliishi kama maua. Bi Ishrat anasema walikuwa wanagombana juu ya chumvi, juu ya moto, juu ya nani kaacha ndoo njiani. Lakini waliishi. Kija alifariki kwa uzee miaka michache baadaye, kitandani, usingizini. Kwa mwanamke kama yeye hilo lilikuwa si jambo dogo. Shimba ndiye aliyechimba kaburi lake. Bibi Minza yupo mpaka leo, amevuka miaka tisini. Jumamosi alibebwa kwenye kiti mpaka makaburini, na aliomba kiti kisogezwe karibu.

Pius naye alikuja. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, wakati kwaya inaimba. Baada ya mazishi nilimwomba aseme neno kwa ajili yenu. Alikataa kwanza. Halafu akanifuata hadi kwenye gari letu. Alisema hivi: "Nilimwambia achague. Miaka yote hii nilijua kwamba alichagua sawasawa. Sikwenda kumwambia. Nilikuwa nangoja siku nzuri."

Akavaa kofia yake akaondoka.

Kwa Venant na familia yake, poleni sana. Kwa mzee Pius, pole. Kwa Shimba, pole, na asante kwa kukubali jina lako lisikike. Kwa Bibi Minza, pole mayu wetu. Kwa Bi Ishrat, kwa jumuiya ya Igoma na wafanyabiashara wa soko, poleni kwa kumpoteza mwenzenu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Nasi tuliobaki, tusiseme Paskazia alikuwa mtu wa pekee, halafu tukaenda zetu. Yeye mwenyewe alikataa kusifiwa. Alikuwa na chuki kama mimi na wewe, na hofu kama mimi na wewe. Alichofanya ni kutozisubiri ziishe kwanza ndipo atende mema.

Kesho au keshokutwa jina la mtu litatajwa mtaani kwenu. Litatajwa kwa sauti ya chini, kisimani, sokoni, pengine hata nje ya kanisa. Likikufikia wewe, msikilizaji wangu, usilipeleke mbele. Lifie kwako.